Siku Nilipoharibu Mteremko Wangu Bora

Jumapili, 9 Agosti. Kihonda, Morogoro.

Leo kumepambazuka na baridi. Milima ya Uluguru imejifunika wingu mpaka kiunoni, na hata sasa, saa nane mchana, vilele havijaonekana. Nimefua, nimeanika, nimepika wali na mchicha wa nazi. Nimekaa kuandika roho ikiwa imetulia, jambo ambalo wiki iliyopita sikuweza kulisema.

Nianze na kitu ninachoweza kukiandika bila kujisifu: najua kushusha ndege.

Si ndege ya kweli. Wanaonisoma hapa siku zote wanajua kwamba mimi ni mtunza stoo wa kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti, na kwamba jioni nikishavua viatu nakaa mbele ya kompyuta yangu kuukuu na kurusha ndege ya abiria ya simuleta. Ni programu inayoiga ndege nzima, swichi kwa swichi. Mwaka huu ni wa nne. Nina daftari la kila safari: nilikotoka, nilikotua, kimo, upepo, na kosa. Safu ya kosa haijawahi kubaki tupu.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni kitufe kimoja kilichoandikwa VNAV. Otopailoti, yaani mtambo wa kuiendesha ndege bila mkono, ikishawashwa, kitufe hicho ndicho kinachoiongoza ndege kwa upande wa kimo: ipande mpaka wapi, itulie wapi, ianze kushuka wapi na kwa mwendo gani. Watu wengi hudhani rubani akiuona mji kwa mbali ndipo anainamisha pua ya ndege. Sivyo. Hesabu ya kushuka inapigwa mapema sana, tena haianzii juu. Inaanzia chini kabisa, pale matairi yatakapogusa, halafu inarudi nyuma na kupanda kidogo kidogo, ikipita kwenye kila kituo ulichokiandikia kimo chake, mpaka inakukuta ulipo. Pale inapokukuta, kompyuta ya safari inachora kiduara kwenye ramani. Hapo ndipo pa kuanzia kushuka. Si kabla, si baada.

Mzigo wa kiwandani naupanga hivyohivyo. Naanza na saa ambayo lori linatakiwa kuondoka, kisha narudi nyuma.

Lakini kompyuta haishuki bila ruhusa ya binadamu. Juu ya dashibodi kuna kidirisha kidogo cha kimo, na ni lazima mkono wako ukizungushe mpaka kwenye namba ya chini kabla ya kufika kwenye kiduara. Usipokizungusha, ndege itafika pale na kupapita, imenyooka, haina habari. Kadiri unavyochelewa ndivyo utakavyolazimika kuteremka kwa kasi baadaye.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo kosa nililolifanya mbele ya Mama Mkubwa Jumamosi ya wiki iliyopita.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu. Ndiye aliyenilea kule Kinole, juu milimani, tangu nilipoanza darasa la kwanza mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Mwanawe wa mwisho, Shabani, anaishi Dar, naye amemwandikisha kwenye msafara wa Umra. Mama Mkubwa ameitaka safari hiyo tangu mimi ni mtoto. Kwenye sanduku lake kuna gauni jeupe na mtandio mweupe alivyovishona kwa mkono, ameviweka na karafuu ili visiliwe na wadudu, na kila mwaka hubadilisha zile karafuu. Ameshuka mjini wiki tatu zilizopita, amepata pasi ya kusafiria, amechanjwa. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa yeye mwenyewe.

"Kupanda sina neno nako," aliniambia siku ya kwanza alipoiona kompyuta yangu. "Kupanda hakujaua mtu. Mimi naogopa kushuka."

Nikamwambia amefika penyewe, maana kushuka ndiko ninakokujua. Nikamwahidi kumwonyesha safari nzima, dakika kwa dakika, ili siku ya siku asikutane na kitu kigeni. Kiongozi wa msafara anataka majina ya mwisho kesho Jumatatu, kwa hiyo nilijiona nina muda wa kutosha.

Nilichagua kutoka Songwe kwenda Dar, kwa sababu njia hiyo inapita karibu na Kisaki na kuiacha Uluguru upande wa kushoto, na nilitaka aione milima yake kutoka juu. Nilipanga kimo cha futi elfu ishirini na tisa, ili kiduara cha kuanzia kushuka kiangukie hapohapo Kisaki. Nilimwekea kiti cha plastiki kando yangu. Alijifunga khanga mabegani kama abiria anayeogopa baridi, akaweka mkoba mapajani.

Tukaruka vizuri. Akasema bismillahi, akakaza macho kwenye skrini. Tulipokaribia nyumbani nikaanza kuwa mwongoza watalii. Nikamwonyesha ule ukuta wa kijani, nikamwambia Kinole iko ng'ambo ya mgongo ule. Akabisha. "Mto wetu uko wapi? Mlima bila mto si wetu huo." Nikasogeza picha kumtafutia mto. Tukautafuta pamoja.

Kiduara kikapita. Sikuwa nimezungusha kidirisha.

Nilipogundua, tulikuwa tumechelewa mno. Nikazungusha kwa haraka, nikainamisha pua, injini zikanyamaza, sindano ya mwendo ikakimbilia kwenye mstari mwekundu. Mama Mkubwa akasimama. Hakupiga kelele. Alisema maneno mawili tu, "Zima hiyo," akatoka uani kuchambua mchele.

Jioni nikamsikia akiongea na simu. "Shabani, toa jina langu. Wamwandikishe mwenye moyo."

Baada ya dakika tano Shabani akanipigia mimi.

"Dada Zuhura, umemfanyia nini mama?"

"Nimemwonyesha ndege."

"Si ungemwonyesha picha za Makka tu! Mtu anaogopa maji, wewe unamtosa kisimani ajue kuogelea?"

Nilimwomba asilitoe jina. Nikamwambia anipe wiki moja, kosa ni langu na nitalirekebisha.

Ndivyo nilivyolifahamu jambo lile. Kosa ni langu, na nitalirekebisha.

Jumapili ile nikaandika hatua zote kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya skrini. Hatua ya nne niliipigia mstari: zungusha kidirisha cha kimo mapema, kabla ya kuongea na mtu yeyote. Jumatatu nikarusha Songwe kwenda Dar, nikaanza kushuka kwa wakati, lakini nikafika juu ya Kisarawe nikiwa na kimo kikubwa, kwa sababu sikuwa nimeiambia kompyuta kwamba upepo unatusukuma kutoka nyuma. Jumanne nikaandika upepo. Jumatano nikaandika upepo wa kila kimo. Alhamisi nilishuka kutoka elfu ishirini na tisa mpaka chini bila kugusa kitu zaidi ya kidirisha, flapsi zinazoinamishwa nyuma ya mabawa, na matairi, na mstari wa VNAV haukusogea hata upana wa kidole. Ijumaa nikarudia, ikawa vilevile.

Nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona nimeshapata dawa. Nilitaka safari ya Jumamosi, yaani jana, iwe mteremko wangu bora kuliko yote, na nilitaka Mama Mkubwa awe shahidi. Nilishachora hata mstari kwenye daftari, na kwenye safu ya kosa nikaandika kabisa "hakuna".

Kumrudisha kwenye kiti cha plastiki haikuwa kazi rahisi. Nilimbembeleza kuanzia asubuhi. Mwishowe alisema atakaa mpaka tuione milima tu, kisha ataenda kuswali adhuhuri. Nikakubali. Tukaruka saa nne na nusu asubuhi.

Safari hii sikuwa mwongoza watalii. Dakika kumi kabla ya kiduara nikazungusha kidirisha mpaka chini, nikasoma namba kwa sauti, nikaikagua mara ya pili. Kisha ndipo nikamwonyesha milima. Nilikuwa nimemtafutia mto wake kabla, nikauonyesha kwa ncha ya kalamu. Akatabasamu. "Haya, sasa huo ni wetu."

Kiduara kikaja chini yetu. Pua ikainama kidogo sana, hata maji kwenye glasi yangetulia kama yangekuwamo. Injini zikanyamaza. Ukabaki ule mluzi wa upepo kwenye kioo.

Ulikuwa mteremko mzuri kuliko wowote niliowahi kuufanya.

Nikageuka kumtazama. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, vidole vimekakamaa.

"Kazima," alisema.

"Hajazima, Mama. Injini zinawaka, zimepunguzwa tu."

"Zuhura, mimi si kiziwi. Kaweka frii."

Nilitaka kucheka, maana ndege haina frii. Frii ni mambo ya magari: dereva anaitoa gia, gari linateremka lenyewe kwa uzito wake, mafuta yanabaki kwenye tangi. Nilifungua mdomo nimweleze. Uso wake ukanizuia.

Akanieleza yeye. Alizungumza taratibu, macho hayatoki kwenye skrini, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

Baba Mkubwa, mumewe, alikufa kwa ajali ya lori la ndizi kabla sijapelekwa kuishi Kinole. Hilo nililijua, kila mtu pale kijijini analijua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba Mama Mkubwa naye alikuwa juu ya lori hilo, amekaa kwenye mikungu pamoja na wanawake wengine wawili. Dereva alikuwa na mazoea ya kushuka na frii ili akae na mafuta kidogo ya akiba. Siku hiyo akazima na injini kabisa. "Kukawa kimya," alisema Mama Mkubwa. "Kimya kizuri. Tukasikia na ndege wa porini. Mwenzangu mmoja akasema, leo tunaenda kama tumebebwa." Kwenye kona ya pili breki hazikushika. Kwenye kona ya tatu hapakuwa na barabara tena.

"Kwa hiyo mimi nikisikia kimya kwenye mteremko, mwanangu, najua kinachofuata."

Basi ndiyo maana.

Miaka yote niliyokaa naye, Mama Mkubwa hakuwahi kupanda gari kutoka Kinole. Anajitwika mzigo wake, anateremka kwa miguu mpaka njiapanda, na hapo chini ambapo barabara imetulia ndipo anapanda gari la mjini. Kupanda kurudi juu anapanda gari kama watu wengine. Nilidhani ni mazoea ya watu wa zamani. Mimi nilikuwa nashuka na pikipiki, namsubiri njiapanda, na akichelewa namnunia.

Wiki nzima nilirekebisha kosa langu. Hofu yake sikuiuliza.

Tena mbaya zaidi: kadiri nilivyoishusha ndege vizuri ndivyo nilivyomtisha zaidi. VNAV inaupanga mteremko ili injini zipumzike kuanzia juu mpaka karibu na chini. Kimya ndiyo dalili ya kazi nzuri. Nilikuwa nimemwandalia kile kimya cha lori, nikakisafisha, nikakiondolea kila dosari.

Tulikuwa futi elfu kumi na saba wakati anamaliza kusimulia. Upepo wa nyuma ulikuwa umeongezeka kuliko nilivyouandika, na kompyuta ikaleta ujumbe kwamba tumeanza kuwa juu ya mstari, tunahitaji kitu cha kutuzuia. Nikavuta mpini wa breki za mabawa. Spika zikatoa mngurumo wa mtikisiko.

"Nini hiyo?"

"Breki, Mama."

"Breki huku juu? Zimeshika nini?"

Nikabadilisha picha ili aone bawa kwa nje. Zile bapa za chuma zilikuwa zimesimama juu ya bawa kama bati lililoinuliwa na upepo. Nikazirudisha, zikalala. Nikazivuta, zikasimama. Akasogeza kiti mbele. Ilikuwa mara ya kwanza jana kukisogeza kiti mbele.

"Na zikigoma?"

Nilikuwa na majibu. Mtu mwenye daftari la miaka minne hakosi majibu. Ningemwambia kuna matairi, kuna flapsi, kuna kuzunguka hewani mpaka kimo kiishe. Ningemwambia kwamba mteremko umepigiwa hesabu kuanzia chini. Yote ni kweli. Lakini nilikumbuka kwamba yule dereva wa lori naye angekuwa na majibu yake.

Nikatazama mstari wa VNAV. Ulikuwa umerudi katikati, umenyooka, unapendeza. Zilibaki dakika kumi na mbili tu na "hakuna" ya kwenye daftari langu ingetimia.

Nikaizima otopailoti.

King'ora kikalia, nikamwambia kabla hajauliza, "Hicho kinasema sasa naendesha mimi kwa mkono." Kisha nikamshika mkono wake wa kulia, nikauweka juu ya mpini wa injini, wangu juu ya wake. "Sukuma," nikamwambia. "Mpaka mwisho."

Akasita. Akasukuma.

Injini zikanguruma mpaka glasi kwenye rafu zikalia. Nikainua pua. Sindano ya kimo ikasimama, ikafikiri kidogo, ikaanza kupanda. Kumi na nne. Kumi na nne na nusu. Kumi na tano.

"Inapanda," alisema.

"Inapanda. Lori likishaingia frii halina la kufanya isipokuwa kushuka. Hii, saa yoyote rubani akitaka kurudi juu, anarudi."

Akakaa anaisikiliza. Kisha akauvuta mpini nyuma yeye mwenyewe, bila kuniuliza, mpaka kimya kikarudi. Akakivumilia. Nilimwona akikivumilia, midomo inatembea, nadhani alikuwa anahesabu au anaomba. Halafu akausukuma tena.

"Rudia wewe nione," akasema. Nikarudia. "Tena." Nikarudia. Juu ya Kisarawe ndege yetu ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu asiyejua anakokwenda. Abiria wa kweli wangetapika wote.

Mstari wangu uliachwa huko nyuma kabisa. Tulifika Dar tukiwa juu mno, ikabidi nizunguke duara zima kupunguza kimo, na kwa kuwa mikono yangu ilishazoea kufanyiwa kazi na kompyuta, nilitua vibaya. Tuligonga chini kwa kishindo, tukaruka, tukagonga tena.

Mama Mkubwa akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Dereva wa Jeddah awe kama wewe kwa breki," alisema. "Lakini kwa kutua Mungu atupe mwingine."

Akainuka kwenda kuswali. Hakusema kitu kingine kuhusu safari, wala sikumuuliza. Nilijifunza kidogo.

Kwenye daftari nilifuta "hakuna". Kwenye safu ya kosa nikaandika: mteremko haukukamilika, otopailoti ilizimwa kwa makusudi, kutua kubaya. Ni ukurasa mchafu kuliko yote ya mwezi huu. Nimeuacha hivyohivyo.

Leo asubuhi baada ya chai aliniomba nimpigie Shabani, niweke sauti kubwa ili nami nisikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jina langu bado lipo?"

"Lipo, mama. Dada Zuhura alinikataza kulitoa."

"Basi liache. Ila sikiliza. Nataka kukaa dirishani, penye bawa. Pale ninapoyaona mabati yake yakiinuka."

"Mabati gani, mama?"

"Wewe mwambie kiongozi wako, atajua. Na kama hajui aje Kihonda afundishwe."

Shabani akanigeukia mimi, "Dada, sasa umemfanya injinia?" Nikamwambia asishangae, mama yake ameshashika mpini. Akaniuliza kama niko timamu.

Nilitaka kuwa mkweli kwa Mama Mkubwa kuhusu jambo moja, na nikamwambia baada ya simu kukatika. Nilimwambia mimi si rubani, na kwenye ndege ya kweli hatashika mpini wowote wala hatamwona anayeushika. Atakaa na kimya chake dirishani. Aliniangalia kama mtu anayeambiwa kwamba maji yanalowesha. "Najua," alisema. "Sikutaka kuendesha. Nilitaka kujua kama kuna cha kusukuma."

Nimemrekodia sauti kwenye simu yake ya kitochi: injini zikipunguzwa, breki za mabawa, matairi yakishuka, kishindo cha kutua. Amekaa mkekani tangu saa sita anazisikiliza kwa zamu. Sauti ya injini zikipunguzwa ameirudia zaidi ya nyingine. Mwanzoni alikuwa anafumba macho. Sasa hivi nimechungulia, anachambua mboga huku inaimba kando yake.

Nilidhani, kwa ushindi huu, nimwombe na lile lingine. Alhamisi anarudi Kinole kuaga na kuomba radhi nyumba kwa nyumba, kama anavyotakiwa mtu anayekwenda Makka, na Jumapili ijayo atashuka tena. Nikamwambia, Mama, sasa si utapanda gari kutoka kule juu? Barabara imetengenezwa, na magari ya siku hizi ni mazima.

"Gari la Kinole sipandi," alijibu bila kuinua kichwa. "Ndege ina mabati, ina moto wa kurudi juu, ina na hicho kikaratasi chako ukutani. Yule kijana wa Kinole ana nini? Ana muziki."

Sikubishana. Kwanza, amenishinda kwa hoja. Pili, si kila hofu ni ya kurekebishwa. Hii moja imemfikisha salama njiapanda kwa miaka yote hiyo.

Ila kuna la kwangu la kurekebisha. Jumamosi huwa siendi kazini. Nitapanda Kinole, nitalala kwake, na Jumapili alfajiri sitachukua pikipiki. Nitashuka naye kwa miguu, nyuma yake, kwa mwendo wake, na mzigo nitabeba mimi.

Nimemuuliza sasa hivi huwa anapumzika wapi njiani na anafika kila mahali saa ngapi. Hakuhitaji kufikiri. Alianza na njiapanda, saa anayotakiwa kuwa hapo ili alipate gari la kwanza la mjini. Kisha daraja la miti. Kisha jiwe la bapa lenye kivuli. Kisha kwa mzee muuza mdalasini. Kisha mlangoni kwake, saa ya kutoka.

Nimeziandika zote kwenye daftari kama alivyozitaja, kuanzia chini kwenda juu.